Kila Kona Niliambiwa Nirudie

Habari zangu kwa sasa ni mbili, na zote zinaniudhi. Ya kwanza ni kwamba daktari mmoja wa Kisii mjini ameniambia nipunguze uzito kabla presha haijanipunguza mimi. Ya pili ni kwamba nimejiunga na kwaya ya kanisa letu hapa Suneka, katika umri ambao wenzangu wanajiunga na vyama vya kuzikana. Yote mawili niliyaanza wiki moja, kwa hasira moja, kwa hiyo nitayaeleza pamoja.

Ninyi wa rika langu mnayajua mateso ya mazoezi. Nimenunua raba. Nimeweka kwenye simu kile kidude cha kuhesabu hatua, na kila jioni kinanipongeza kama mtoto wa chekechea aliyemaliza uji. Nimeacha ugali wa usiku, na huku Gusii ukimwambia mtu umeacha ugali atakuuliza ni nani amekuroga. Lakini baya kuliko yote ni barabara yenyewe. Mwanamke mzima, mwenye watoto waliooa, akionekana anakimbia asubuhi, hakuna anayefikiria afya. Wanafikiria msiba.

"Mama Brian, nani amekufa?" ananiuliza mwenye kioski cha pale chini.

"Hakuna aliyekufa."

"Sasa unakimbilia wapi?"

"Siendi mahali. Nakimbia tu, halafu narudi."

Ananitazama kwa huruma. Kesho yake ananiuliza tena, maana anaona jana nilimficha.

Kuhusu kwaya, sikuitafuta, ilinitafuta. Mwalimu wa kwaya yetu, kijana anaitwa Ombati, alikuwa amepungukiwa na watu wa sauti ya pili. Nilimwambia mimi siimbi, sijawahi, sina sauti. Akanijibu bila haya, "Mama, sauti ya pili hainaga shida. Wewe kuja tu." Nikaenda. Kwa muda wa miezi miwili nimesimama mstari wa nyuma nikifungua na kufunga mdomo, na ninaamini Ombati anajua, ila kwenye picha tunaonekana wengi.

Sasa magoti. Mtu ukikimbia ukiwa na mwili kama wangu, magoti yanakushtaki. Nikaenda duka la dawa, nikapewa kikopo kidogo cha dawa ya kuchua, ile yenye kafuri inayopanda puani mpaka machozi yatoke. Nilikifungua nikiwa nimeketi kitandani, mguu mmoja ndani ya suruali na mwingine nje, na nikabaki hivyo hivyo. Chumba kizima kilinuka Tata.

Tata ndivyo tunavyomwita baba huku kwetu. Wangu alikuwa na shamba la majani chai na migomba kwenye mteremko, upande wa huku wa Kebirigo, lakini hakuna aliyemjua kwa majani chai. Walimjua kama mwalimu wa kwaya. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye koti moja la kijivu, na katika mfuko wa koti hilo kulikaa kifilimbi kidogo cha kutafutia sauti ambacho sisi watoto tulikatazwa hata kukitazama sana. Na alinuka dawa ile, kuanzia shingoni hadi kifuani, asubuhi na jioni. Nilipomuuliza Mama ni ya nini, alisema ni ya sauti. Basi nikaamini kwamba dawa ile ni chombo cha muziki, sawa na kifilimbi. Walimu wengine wa kwaya walipotutembelea nilikuwa nikiwasogelea niwanuse, nijue kama ni walimu wa kweli. Mmoja kutoka Masimba alinuka sabuni tu, nikamdharau mpaka alipopanda gari akaenda zake.

Mwaka ninaousema, Tata alinipa mimi kuanzisha wimbo wa makambi. Kwa wasiojua, makambi ni ile wiki ya Agosti ambapo sisi Wasabato wa sehemu moja tunakusanyika chini ya maturubai, tunahubiriwa, tunakula kwa sahani za watu wengine, na kila kwaya inataka kuwaonyesha wenzake. Beti za kwanza zilikuwa zangu peke yangu, mistari minne minne, ndipo kwaya nzima iingie. Mstari wa tatu ulikuwa mtihani. Unapanda ngazi kwa ngazi, so, la, ti, mpaka kwenye do ya juu, halafu unakaa pale juu muda mrefu kabla ya kushuka. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka viatu, na viatu sikuwa navyo.

Tata akaniambia tutafanya mazoezi asubuhi, njiani. "Pumzi ya kuimba haitoki kooni," alisema. "Inatoka kwa miguu. Ukiweza kuimba ukipanda mlima, ukisimama jukwaani utaimba kama umeketi." Katika muziki alitumia Kiswahili, hata na mimi mwanawe, mambo mengine yote ya dunia yalikuwa ya Ekegusii. Ikawa kila asubuhi ya likizo ile tunatoka nyumbani, umande ungali kwenye majani chai, baridi inauma masikio, tunaishika njia ya murram inayopanda hadi kituo cha kuuzia majani chai kule juu. Yeye mbele, mimi nyuma, naimba. Watu walitupisha. Wengine waliweka vikapu chini wasikilize, na mimi nilijiona malkia.

Umalkia ule haukufika kona ya kwanza. Hapo palikuwa na mparachichi mkubwa. Tata alisimama ghafla, akaweka mkono mmoja kwenye shina, akainua mwingine kunizuia, akafumba macho, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu kibovu kinachotoka mbali. Nilinyamaza. Muda ukapita.

"Rudia," akasema bila kunitazama. "Ule wa tatu."

Nikarudia.

"Tena."

Nikarudia tena. Akaitikia kwa kichwa, akajivuta kutoka kwenye mti, tukaendelea. Tulipofika kwenye kalvati, mkono ukainuka tena, macho yakafumbwa tena, na mstari ukawa ni ule ule wa tatu. Vivyo hivyo kwenye mikaratusi ya jirani, na vivyo hivyo mbele ya kanisa la Wakatoliki, ambao nao walikuwa na dini yao na hawakunikosea lolote ila walinisikia nikirudia kila siku.

Sijui kama mnakumbuka ilivyo mtu mzima akikwambia urudie jambo bila kukwambia umekosea wapi. Mwili wote unawasha. Nilianza kuitafuta kasoro katika sauti yangu kama mtu anavyotafuta chawa kwenye pindo la shati. Siku moja niliimba kwa mdomo wazi kabisa. Siku nyingine niliubana. Nilijaribu kwa nguvu, nikajaribu kwa upole, nikajaribu kuiga redio. Hakuna kilichobadilika, isipokuwa kwamba vituo viliongezeka. Mwanzoni alinisimamisha kwenye kona tu. Kufikia katikati ya likizo nilikuwa nasimamishwa hata mahali palipo wazi, pasipo mti wala jiwe, na yeye anajishika kiuno na kuinua ule mkono.

Nilijipa moyo nikamuuliza. "Tata, nakosea wapi?"

"Hukosei," akasema. "Rudia."

Jibu hilo ndilo lililonimaliza. Shuleni ukipata hesabu, mwalimu anakutia tiki unafungua ukurasa mwingine. Ni nani anayemrudisha mtoto kwenye hesabu aliyoipata? Nikajua ananionea huruma. Nikajua sauti yangu ina ubovu mkubwa kiasi kwamba baba mzazi hawezi kuutamka.

Palikuwa na msichana wa jirani anaitwa Kerubo, tuliketi benchi moja kwenye kwaya. Alasiri ya Sabato tulifanya mazoezi kanisani, Tata ameketi kwenye kiti chake mbele yetu. Siku moja alimpa Kerubo mstari wangu, auonje tu, ili pawe na mtu wa akiba. Kerubo akauimba mara moja, tena kwa uvivu, huku anajikuna mkono. Tata akasema, "Vizuri." Basi. Hakumwambia arudie. Nilimtazama Kerubo, nikamtazama Tata. Sikufikiria hata kidogo kwamba alasiri ile Tata alikuwa ameketi.

Wiki ya mwisho kabla ya makambi, pale kwenye kalvati, alinisimamisha kabla hata sijaufikia mstari wa tatu. Nilimtazama uso. Alikuwa ameukunja, mdomo wazi, jasho kwenye paji ilhali kulikuwa na ukungu. Nikaona wazi kwamba sauti yangu inamuumiza. Simaanishi kwamba inamkera. Niliamini inamuumiza mwilini, kama jino. Nami nilimpenda yule mzee, pamoja na kona zake zote. Nikasema, "Tata, mpe Kerubo."

Alifumbua macho. "Umesemaje?"

"Wimbo. Mpe Kerubo. Mimi siwezi."

Alifungua mdomo, akaufunga. Nilingoja aniambie hapana. Nilitaka aniambie hapana kuliko nilivyowahi kutaka kitu, hata anipige kofi kidogo aniambie acha upuzi. Maji yalikuwa yakipita chini ya kalvati na sisi tumesimama juu yake kama wageni.

"Haya," akasema.

Tulishuka nyumbani bila kuimba. Kerubo aliimba kwenye makambi, wanawake wakafuta macho kwa pembe za leso, na mimi nikasimama mstari wa nyuma nikifungua mdomo bila kutoa sauti. Ndio mwanzo wa ufundi huo. Agosti iliyofuata haikumkuta Tata. Walisema ni kifua. Watoto huambiwa "kifua" kama wanavyoambiwa "mvua", huulizi zaidi. Na mimi sikuimba tena. Watoto wangu niliwalaza kwa redio. Mume wangu hadi leo huwaambia watu kwamba mke wake hapendi muziki.

Sasa rudini nami kwenye kile kikopo cha dawa. Jumapili iliyofuata nilikwenda kumwona Mama kule nyumbani, na kwa kuwa simu yangu ilikuwa inanidai hatua, nilivaa raba nikasema nipande hadi kituo cha majani, nirudi na hamu ya chakula. Nilianza kwa mbwembwe. Nilipofika kwenye mparachichi, ambao bado upo, pumzi ikaniishia kabisa. Niliweka mkono kwenye shina. Mama mmoja aliyebeba kikapu cha majani alikuwa akinisalimu, "Bwakire," na sikuweza kumjibu, nikainua mkono mwingine kumwonyesha angoje. Macho yalijifumba yenyewe. Kichwa kikainama chenyewe. Nikakaa hivyo, navuta hewa, mpaka nikatambua nimesimama vipi.

Hakuna anayesimama hivyo ili kusikiliza wimbo. Hivyo ndivyo anavyosimama mtu anayetafuta hewa.

Nilishuka ule mlima kwa hasira ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Mama alikuwa barazani anamenya ndizi mbichi, vidole vyeusi kwa utomvu. Sikuketi hata.

"Mama, ule mwaka Kerubo alipoimba makambi, Tata alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mgonjwa tangu mwaka wa nyuma yake," akasema, kama mtu anayeulizwa kama jana kulinyesha. "Daktari wa Nyamira alimwambia asikae tu. Atembee kila asubuhi, apande polepole."

"Sasa mbona alisema ni mazoezi ya kwaya?"

Mama akacheka. "Mwanamume mzima, wewe! Atoke kwake asubuhi hana jembe, hana kikapu, haendi sokoni, anatembea tu? Akiulizwa anaenda wapi atasema nini?"

Swali hilo nalijua, mwenye kioski wangu huniuliza kila siku.

"Na kunisimamisha kila mahali? Rudia, rudia, rudia?"

"Pumzi ilikuwa inamwishia. Alisema ule mstari ni mrefu, wewe ukiurudia anapata kupumua bila mtu kujua."

"Bila mtu kujua! Mama, si mtu mwenyewe ni mimi?"

"Ndiyo," akasema. "Wewe hasa."

"Nilidhani naimba vibaya. Miaka yote hii, Mama. Yote."

Kisu chake kikasimama. Alinitazama kwa namna ambayo ilinionyesha kwamba kwa kweli hakujua. Alidhani nilikataa kwa sababu ya woga wa watu wengi.

"Siku ile alikuja akakaa hapo kwenye ngazi," akasema. "Akaniambia mtoto amekataa wimbo. Nikamwambia mwite, umwambie ni wewe huna pumzi, ajue. Akanikemea. Akasema, 'Nianze kumweleza binti yangu habari za kifua changu? Ni ensoni.'"

Ensoni ni ile aibu ya heshima iliyopo baina ya mzazi na mtoto kwetu Abagusii. Mwili wa baba si habari ya binti. Hukai kitandani pake, humtazami akinyoa ndevu, humuulizi panapouma, naye hakwambii. Ninaijua vizuri, nimeirithi na nimewarithisha wanangu nusu yake. Ni jambo jema, limetunza nyumba nyingi. Lakini siku ile barazani niliichukia kwa moyo wangu wote. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, ila walisahau kuongeza kwamba kabla ya kilio ataharibu vitu vingine ndani ya nyumba. Maneno mawili tu! Nimechoka, mwanangu. Si angenituma hata kwa Mama, kama aliona haya? Si angekohoa? Alipendelea binti yake aamini kwamba ana sauti ya chura, mradi yeye asionekane amechoka kwenye mlima.

Nilisema yote hayo kwa sauti, na zaidi. Mama aliniacha nimalize.

"Usimkasirikie mpaka mwisho," akasema. "Kisingizio cha kutembea hakikuwa shida. Ng'ombe tulikuwa naye. Angemshika kamba akapanda naye kila siku, nani angeuliza? Mimi mwenyewe nilimwambia, chukua ng'ombe, mtoto umwache alale."

"Akasemaje?"

"Akasema ng'ombe hajui wimbo."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikavichanganya vyote viwili vibaya. Mama, ambaye hana subira na mambo hayo, alinisukumia kisu cha pili na lundo la ndizi.

Jumatano tukawa na mazoezi ya kwaya. Nilifika mapema, jambo lililomshtua Ombati. Nilimwambia wimbo ule mpya aliokuwa anautafutia mtu wa kuanzisha, nianzishe mimi. Wenzangu wa sauti ya pili waligeuka wote.

"Lakini Mama, si ulisema huimbi?" akauliza.

"Nilielewa vibaya," nikamwambia. "Nipe sauti."

Akanipa. Mstari wa kwanza ulitoka na kutu nyingi, lakini ulikaa mahali pake, niliusikia ukikaa. Ombati aliinua macho kutoka kwenye simu. Wa pili ukatoka ukiwa msafi zaidi. Sijui niwaelezeje furaha ile, mtu kusikia sauti yake mwenyewe na kukuta ni nzuri, imekaa ndani miaka hii yote inangoja kuitwa. Nikaingia wa tatu, ambao nao unapanda, na katikati ya kupanda nikahisi hewa imekwisha. Mwili wangu, magoti yangu, ndizi za Mama, vyote vilinikalia kifuani. Nikakatika pale pale juu, mbele ya kwaya nzima.

Nikainua mkono.

"Ngojeni kidogo," nikasema. "Sauti iko sawa. Ni pumzi imeniishia."

Wakangoja. Mmoja akanisogezea kiti. Ilikuwa rahisi hivyo, Tata.